Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha Haki ya Kura?

Ukitaja ulinzi wa kura za makundi ya wachache hapa Tanga, wapo wazee watakaoikumbuka Kura Tatu, na wana haki ya kukunja uso. Septemba 1958, Tanga ikiwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kupiga kura, kila mpiga kura alilazimika kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na ili akubaliwe kupiga kura ilimpasa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Ule ulikuwa upendeleo uliovikwa joho la sheria, na TANU iliingia katika uchaguzi huo kwa shingo upande.

Ninayemzungumzia mimi ni mwananchi mwenye haki sawa na jirani yake, ambaye kwa kuwa watu wa asili yake ni wachache, hudaiwa kuithibitisha haki hiyo pale ambapo jirani hadaiwi. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, kisha inaruhusu Bunge kumzuia aliyeshindwa kutoa kithibitisho cha umri au uraia. Sharti hilo kwa maandishi halimbagui mtu. Katika utekelezaji, huangukia kwenye mabega ya watu walewale.

Wilayani Handeni, katika makazi ya Chogo, wako Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19, nao wakarudi kama wakimbizi baada ya vita vya huko, wakaanza kupewa uraia mwaka 2009. Kwenye mashamba ya mkonge wako wajukuu wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Burundi, Rwanda na Msumbiji. Nikiwa katika foleni ya kujiandikisha, nilimwona mzee mmoja wa shambani akitaja majina yake matatu, na la tatu lilipotamkwa kalamu ya mwandikishaji ikasimama. Baba yako alizaliwa wapi? Mzee alitoa cheti cha kumaliza darasa la saba na kitambulisho cha kazi kilichofifia picha. Akaambiwa akalete cheti cha kuzaliwa. Aliyemfuata, mwenye jina la Kidigo, hakuwa na cheti hicho pia, wala hakuulizwa.

Wamarekani walilitazama jambo hili kwa jicho kali zaidi. Sheria yao ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 haikuishia kukataza ubaguzi. Ilizitaka serikali za majimbo yenye historia ya kuwanyima watu weusi kura zipate kibali cha Serikali Kuu au cha mahakama ya Washington kabla ya kubadilisha kanuni yoyote ya uchaguzi, na jukumu la kuthibitisha kwamba badiliko halitamdhuru mtu likawa la jimbo lenyewe. Katika Mississippi, watu weusi walioandikishwa walipanda kutoka asilimia 6.7 hadi karibu asilimia 60 ilipofika 1967. Mwaka 2013, katika kesi ya Shelby County, majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu ya Marekani walifuta kigezo kilichoamua ni majimbo gani yaombe kibali, na tangu hapo anayeumizwa ndiye aende mahakamani, mara nyingi uchaguzi ukiwa umekwisha kupita.

Sisi tumekuwa katika hali hiyo ya pili siku zote. Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia kwetu mwaka 1972 walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, lakini hati zao zikaanza kutolewa Oktoba 2014 tu. Katika uchaguzi mkuu uliokuwa katikati hapo walikuwa raia kwa maneno. Njia ya mahakama ipo, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichomzuia kupiga kura mfungwa wa zaidi ya miezi sita kinapingana na Katiba. Lakini kesi ya namna hiyo inataka mawakili na miaka, na mkata mkonge hana kimojawapo.

Wapo watakaosema kwamba mpaka wa Horohoro na Kenya uko karibu, na kwamba tukilegeza, wageni watajaa katika daftari la wapiga kura. Hofu hiyo si ya kubeza. Basi mwandikishaji mwenye shaka aiandike shaka yake kwenye fomu, aitie saini na kutaja sababu isiyokuwa jina wala lafudhi, mtu aandikishwe huku ofisi ikichunguza kwa gharama zake, na uchunguzi ukamilike kabla daftari halijafungwa. Ofisi ikishindwa kuthibitisha, jina libaki.