Maandazi ya Bilioni 4.5

Mimi nilisoma sosholojia. Hilo nalisema mapema, msije mkanililia baadaye. Mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza debiti inakaa upande gani, nitatazama kwanza mkono ninaolia wali.

Lakini kampuni moja kubwa hapa Dar, ambayo siitaji kwa sababu mshahara wao nimeula, ilitangaza mpango wa miaka 2 wa kuandaa viongozi wa fedha. Miezi 6 kitengo cha hazina, miezi 6 ukaguzi wa ndani, miezi 6 bajeti, miezi 6 mikopo, ukitoka hapo unaitwa meneja. Sifa ya mwombaji: "shahada yoyote". Nikasema hiyo yoyote ninayo.

Usaili nilijiandaa kama naenda kuoa. Nilikariri kwamba General Electric ya Marekani ilianza mpango wake wa namna hii mwaka 1919, nikafanya mazoezi ya kuisema 1919 bila kumeza mate. Hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza ningekuwa tunda, ningekuwa tunda gani. Nikajibu fenesi, kwa sababu moja linalisha mtaa. Wakatazamana, wakaandika kitu. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu.

Tulikuwa vijana 12. Kabla ya kugusa kazi tulipelekwa semina Bagamoyo siku 5 kufundishwa uongozi: namna ya kushika mkono wa mtu, namna ya kusimama mbele ya watu bila kukunja vidole, na juu ya yote namna ya kusimamia namba zako. Mwezeshaji alilirudia hilo mpaka likaingia kwenye damu. "Ukiulizwa, usitetereke! Namba ni zako!" Tukapiga makofi. Kusoma jedwali hatukufundishwa. Nadhani walidhani tunajua.

Kituo changu cha kwanza kikawa bajeti, na ilikuwa Septemba. Kwa kampuni inayofunga hesabu Desemba, Septemba ndipo bajeti ya mwakani inapoandaliwa, na ni kama Idara ya Maji siku bomba kuu limepasuka: kila mtu anakimbia na hakuna anayekuambia anakimbilia wapi. Bosi wangu, dada mmoja anayezidi kuongea taratibu kadiri hasira inavyopanda, akanitumia faili la Excel. "Mdogo wangu, jaza mistari ya vijana wa mpango. Midogo midogo tu. Kesho saa nne linaenda juu."

Nikalifungua. Juu kulikuwa na mistari minne ya vichwa vya habari, nembo na maandishi madogo madogo kama ya kwenye dawa ya kikohozi. Inanilia nafasi ya skrini. Nikaificha.

Nikaanza kusoma matumizi ya mwaka uliopita, na moyo ukaniuma. Mafuta ya jenereta: 62,000. Kwa mwaka! Bodaboda wa pale Kimara anakunywa zaidi ya hapo. Usafiri wa idara: 18,500. Nikasema kumbe matajiri hubana namna hii, ndiyo maana sisi hatutajiriki. Kisha nikafika mstari wa chai na vitafunwa vya vijana wa mpango: 3,900.

Elfu tatu na mia tisa. Andazi pale chini kwa mama ni shilingi 300. Yaani vijana wa mwaka jana, nao walikuwa 12, walipewa maandazi 13 kwa mwaka mzima. Kila mmoja lake, na moja la kugombania.

Sosholojia ikaamka. Hapa palikuwa na dhuluma ya kitabaka, tena imeandikwa kwa fonti safi. Nikapiga hesabu yangu kwa haki: watu 12, shilingi 1,500 kwa siku kila mmoja, siku 250 za kazi. Milioni nne na nusu. Nikaandika 4,500,000, nikahifadhi, nikapanda mwendokasi nikiwa nimesimama lakini najiona nimekaa.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa mfumo: mstari wako umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 115,000, thibitisha au rekebisha. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilisema ndiyo, dhuluma ilikuwa kubwa kiasi hicho. Nikathibitisha.

Saa tano ikaja barua pepe kutoka ghorofa ya juu, imepita kwa bosi wangu akiwa kwenye kikao kingine: "Tafadhali toa maelezo ya ongezeko la chai." Nikakumbuka Bagamoyo. Nikaandika, na maneno haya nayajua kwa kichwa kwa sababu nimesomewa mara nyingi tangu siku ile:

"Ongezeko ni halali. Kiwango cha mwaka jana hakikuzingatia utu. Kijana anayeandaliwa kuwa kiongozi hawezi kufikiri kwa andazi moja kwa mwaka. Nasimamia namba hii."

Nikabofya tuma. Sijawahi kujisikia meneja kama dakika zile tatu.

Niliitwa chumba cha mikutano. Mkurugenzi wa Fedha amekaa kichwani pa meza, wakuu wa idara pembeni, bajeti ya kampuni nzima ukutani. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa na namba ndani ya mabano. Kwa elimu yangu, mabano ni maelezo ya ziada, si muhimu sana. Kumbe wenzetu wa fedha wakitia namba kwenye mabano maana yake ni hasara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, kijana. Umekunywa chai?"

"Bado, mzee."

"Kunywa kwanza. Hii kampuni mwakani haina kazi nyingine."

Nikacheka kidogo. Nilicheka peke yangu.

Akaniomba nisimamie namba yangu, kama nilivyoahidi. Nikasimama, vidole nimenyoosha, nikaanza na utu. Nilikuwa nimefika kwenye andazi la kumi na tatu aliponikatisha, kwa upole kabisa, na kumwambia mtu wa kompyuta afungue ile mistari minne ya juu. Ikafunguka. Maandishi ya dawa ya kikohozi yakakuzwa mpaka yakajaa ukuta: namba zote ziko katika maelfu ya shilingi.

Nilitazama 3,900. Ikageuka milioni tatu na laki tisa mbele ya macho yangu. Nikatazama jenereta, milioni 62. Kisha, kwa kuchelewa, kwa shingo iliyokataa kugeuka, nikatazama yangu.

Bilioni nne na nusu. Za chai.

Mkuu wa ukaguzi wa ndani, mtu asiyejua kuacha jambo, alikuwa ameshatoa kikokotoo. Maandazi milioni 15, akasema. Kwa watu 12, kila mmoja anakula maandazi 5,000 kwa siku. Akabonyeza tena. "Kwa saa nane za kazi, ni zaidi ya kumi kwa dakika. Watapata muda wa kunywa hiyo chai?"

Bosi wangu alikuwa ameingia. Akaniambia, taratibu mno, neno moja baada ya jingine kama anayehesabu mbegu, "Mdogo wangu. Nenda. Karekebishe."

Nilifuta sufuri tatu. Mabano yakatoweka ukutani, kampuni ikarudi kwenye faida. Kitaalamu ni mimi niliyeiokoa, ingawa hakuna aliyelitazama jambo kwa upande huo.

Jina la Fenesi walilonipa baada ya usaili likafa siku ile. Nikawa Bilioni. Mpaka walinzi wa getini. Nilipopelekwa ukaguzi wa ndani miezi iliyofuata, yule bwana wa kikokotoo alinikaribisha kwa sahani yenye andazi moja na karatasi: "Limehesabiwa."

Kibaya ni kwamba mlinzi mmoja alikuwa amemfikishia habari mama wa maandazi pale chini, nusu nusu. Ijumaa yake nikapita kununua, akanivuta pembeni ya jiko, akajifuta unga mikononi.

"Mwanangu, nasikia ofisini kwenu kuna tenda ya maandazi. Ya mabilioni."

"Hapana mama, ilikuwa makosa ya kuandika."

"Mimi nimeshaongea na mdogo wangu wa Mbagala, ana majiko mawili. Malipo ya awali mnatoa asilimia ngapi?"

"Mama, imefutwa. Haipo."

Akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima unga kwa jicho.

"Haya. Basi nilipe manne uliyokopa Jumanne. Elfu moja na mia mbili."

Nikampa elfu mbili. Akanirudishia mia nane, akaihesabu mbele yangu mara mbili, kwa sauti.