Likizo moja, wenyewe wengi

Daftari la likizo liko juu ya friji yetu hapa Kampala tangu Oktoba. Ni la mtoto wa darasa la nne, nusu limejaa hesabu za kugawanya, nusu iliyobaki ni mwandiko wangu: nauli, sukari kilo 10, sabuni ya miche, kitenge cha mama mkwe, viatu vya mdogo. Ukurasa mmoja umetoboka kwa kufutwafutwa. Hapo ndipo nilipoandika idadi ya siku za kukaa Arua, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.

Wapo wanaosema kupanga likizo kunachosha kwa sababu mambo ni mengi. Sikubali. Kazini natunza stoo. Malori matatu yanaweza kuingia siku moja, nikayapokea, nikahesabu mzigo, usiku nikalala fofofo. Wingi wa mambo nimeuzoea. Kinachoninyima usingizi ni kwamba likizo ni moja na wenyewe ni wengi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo. Kwa mwaka ni siku 21. Kwenye karatasi siku hizo ni zangu. Ila mimi ni mzaliwa wa Busia na mume wangu ni wa Arua, na ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, maana tulipokutana hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake. Busia iko mashariki, kama kilomita 200 kutoka hapa. Arua iko kaskazini-magharibi, karibu kilomita 500. Ukielekea kwa mmoja, umempa mwingine mgongo. Na kazini Desemba hawawezi kutuachia wote kwa pamoja, kwa hiyo mimi hupata siku 10, nyingine nazichukua vipande vipande katikati ya mwaka, watoto wakiwa shuleni. Siku 10 hizo zinasubiriwa na mama yangu, mama mkwe, shangazi wa mume wangu ambaye usipofika kwake hajibu tena salamu zako, na watoto wangu watatu. Mimi mwenyewe sijajihesabu.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo tunapoumizana bila kusemezana. Mkono mtupu haulambwi, kila mtu anaijua hiyo. Nyumbani hakuna anayeniambia niletee sukari. Hakuna anayeomba. Lakini nikishuka kwenye basi najua macho ya watoto wa shemeji yataangukia wapi, na najua pia kwamba Februari shule zinafunguliwa na ada haingoji. Kila kilo ya sukari ninayoiandika kwenye daftari naitoa kwenye ada ya mtu. Mume wangu haongelei jambo hili. Mimi nami siliongelei. Tunabaki kubishana kuhusu mabegi.

Ushauri wa kila mahali ni kupanga mapema. Ni ushauri mzuri kwa mwenye kujua kesho yake. Sisi ruhusa ya likizo hutoka Desemba yenyewe, na mshahara hivyo hivyo. Nauli ndiyo kabisa. Nenda Arua Park, kituo cha mabasi hapa Kampala, wiki moja kabla ya Krismasi uulize, utatajiwa bei. Rudi kesho yake, utatajiwa nyingine. Wenye mabasi wanasema gari linakwenda limejaa na kurudi Kampala tupu, kwa hiyo abiria wa kwenda analipia safari zote mbili. Nawaelewa, lakini mimi naandika nini kwenye daftari? Na njia yenyewe nayo ina mambo yake. Septemba 2024 daraja la Karuma, linalovuka Nile kwenye barabara yetu, lilifungwa kwa matengenezo, na wiki nyingi tulikuwa tukiulizana kama litafunguliwa kabla ya sikukuu. Unapanga huku unabahatisha, na kubahatisha kwa niaba ya watu watano kunachosha kuliko kubeba magunia.

Lakini nitasema lililo zito zaidi, kwa sababu nadhani wanawake wengi wanalo na hawalisemi. Mwaka huu nilitaka likizo yangu.

Basi la Arua likishapita Karuma linapakana na hifadhi ya maporomoko ya Murchison kwa mwendo mrefu, hadi Pakwach. Mwaka juzi karibu na Pakwach tulimwona tembo kando ya barabara, mkubwa, sikio moja limechanika ukingoni. Binti yangu aligandisha uso kwenye kioo mpaka kikaingia ukungu. Dereva hakusimama, na hakupaswa kusimama. Yule mtoto amepita pale kila Desemba ya maisha yake na hajawahi kuingia. Hajaona Nile nzima ikijibana kwenye upenyo wa mita kama 7 na kuanguka. Wageni wanavuka bahari kuja kuyaona maji hayo.

Basi nikawaza: tushuke Pakwach, tulale siku mbili, tukodi gari la kutuingiza, ndipo tuendelee. Nyumba moja ya wageni ikataka malipo ya awali kwa simu. Nikatuma, siku tatu kimya, tumbo likaniuma, kisha wakajibu. Lakini kilichonitesa hasa kilikuwa aibu. Pesa ya kulala Pakwach ni mbuzi ngapi? Nitamwambiaje mama mkwe kwamba nimekaa siku mbili mlangoni pake kabla ya kubisha hodi? Wiki mbili nilimficha. Akipiga simu nampa watoto waongee naye.

Juzi alinishika. "Mwanangu, mbona mwaka huu hamniambii kitu?"

Nikasema yote. Kwamba tutalala Pakwach watoto waone maporomoko, tutafika tarehe 22 badala ya 20, na tarehe 27 tutaondoka ili nimwone na mama yangu Busia. Akanyamaza. Nikawasikia kuku wake, na mtu akitwanga.

"Kwa hiyo ni 22?"

"Ndiyo, mama. 22."

"Mimi kila mwaka nachinja mapema," akasema. "Mnasema mnakuja, sijui leo, sijui kesho, nyama inanikaukia, nakaa barabarani na usiku. Nikisikia basi lolote nasimama. Mngenipa tarehe tu."

Miaka 11 nimeolewa katika nyumba ile, na sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa daftari langu kuna mama mzima asiyelala, anayepanga kupokea kile ninachopanga kuleta, naye hana hata tarehe ya kuandika.

Nimeiandika 22, pembeni ya lile tundu. Mama wa Busia nitampigia leo jioni.