Mtoto wa Darasa la Pili na Kitanda cha Bweni

Februari 2023, Kamishna wa Elimu Tanzania alitoa waraka uliositisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa shule itakayopata kibali. Hoja kuu ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo akilelewa bwenini hukosa kufungamana na wazazi na jamii yake. Naiunga mkono, ingawa kilio cha wazazi walioupinga waraka ule hakikuwa cha watu wasiowajali watoto wao.

Mfikirie muuguzi mjane anayeingia zamu ya usiku na hana ndugu wa karibu mjini. Kwake bweni lilikuwa mahali penye lango, mlo wa saa maalumu na mtu mzima wa kumwangalia mwanawe, ilhali nyumbani mtoto angebaki na dada wa kazi ambaye pengine naye ni binti wa miaka 16. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, kusoma kutwa kumemaanisha pia basi la shule linalopita saa 11 alfajiri, mtoto akisinzia kitini huku amekumbatia begi, na kurudi jioni giza likiingia. Anayesema mtoto huyo analelewa na wazazi wake ahesabu kwanza saa anazowaona akiwa macho. Hoja kwamba bweni huinua matokeo ya mitihani siipi uzito mkubwa, kwani mtoto wa miaka saba hahitaji kulala shuleni ili ajue kusoma.

Hata hivyo, kuna nililoliona mwenyewe. Katika shule moja niliyofundisha, magodoro ya waliokojoa usiku yalianikwa nyuma ya bweni kila asubuhi, na kila mtoto alijua lipi ni la nani. Mvulana mmoja wa darasa la pili akaacha kunywa maji kila ifikapo saa nane mchana. Matroni aliligundua hilo wiki ya tatu, midomo ya mtoto ilipokwisha kupasuka. Matroni yule hakuwa mkatili. Alikuwa peke yake na watoto zaidi ya 60.

Hapo ndipo naona udhaifu ambao bweni zuri haliuondoi kirahisi. Mwalimu mnasihi, sanduku la maoni na dawati la ulinzi wa mtoto, vyote vinamsubiri mtoto aseme. Wa kidato cha pili anaweza kusema, hata kwa kuandika kikaratasi bila jina. Wa darasa la pili husema kwa mwili: anakojoa, anasusa chakula, ananyamaza, na anayeweza kumwelewa ni yule tu aliyemwona jana na juzi akiwa mzima.

Kwa hiyo shule inayoomba kibali isiulizwe kwanza ina vitanda vingapi. Iulizwe saa nane za usiku, mtoto akiamka analia, ni watu wazima wangapi watakaomsikia, na ni nani kati yao anayemjua kwa jina.