Vibonye raha, mchanga wa Shela ndio adui

Mumenikumbusha mbali na hii habari yenu ya simu za kibodi ya kuvuta, zile wasukuma kioo na vibonye vya herufi vyatokea chini yake, na hata simu ya Android ya kwanza ile HTC Dream ya 2008 si ilikuwa hivyo hivyo. Yangu ilikuwa ya mtumba hapa Amu (Lamu), wasukuma kioo na dole gumba, tak! vibonye hivyo, nachati ndani ya boti ya Mokowe bila kuangalia na herufi sikosi. Shida mchanga bwana, siku moja tu ufuoni Shela ukaingia kwenye reli ya kusukumia kioo ikawa yakwaruza, baadaye ukifungua simu kioo chawa cheusi, ukifunga chawaka, fundi akasema waya wa ndani umekatika kwa kukunjwa kunjwa. Hizi za kugusa nazo, kidole kikiwa na maji ya chumvi zaandika zitakavyo.