Vyeo Vitatu, Goti Moja

Leo alfajiri, kabla sijavaa hata kiatu cha pili, nilikuwa nimekwisha kuitwa mara tatu, na hakuna hata mara moja niliyoitwa kwa jina alilonipa mama yangu. Anayeniita "afande" anataka kuahirisha deni, anayeniita "fundi" anataka kazi ya bure, na anayeniita "kocha" ana mtoto ambaye hakupangwa. Aliyebisha hodi leo alinibandika vyeo vyote vitatu kwa pumzi moja, nikajua kwamba siku imekwisha kuharibika.

Ni yule bwana wa Jumamosi. Vijana wangu wa chini ya miaka 12 walikuwa sare, wapinzani wakarusha mpira kutoka pembeni, ukamkuta mshambuliaji wao amesimama peke yake nyuma ya mabeki wetu kama abiria anayesubiri basi, naye akafunga kwa utulivu. Beki aliyepaswa kumkaba alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Baba wa beki huyo, ndiye bwana mwenyewe, akaingia uwanjani akipaza sauti kwamba mfungaji ameotea.

Nikamweleza, kwa heshima zote za mtu aliyezoea kupiga saluti, kwamba mpira wa kurusha hauna kuotea, kama vile kona na mpira wa goli zisivyokuwa nako. Hebu nionee huruma: mimi niliyefungwa ndiye niliyekuwa wakili wa bao nililofungwa.

"Tangu lini, kocha?"

"Tangu mwaka 1920, bwana."

"Mimi nauliza sheria za leo, wewe unaniletea za babu yako!"

Nilidhani amekwisha, kumbe alikuwa anavuta pumzi. Akanisogelea, akashusha sauti kama anayeniletea habari za msiba. "Halafu, fundi, ule mlango wako umevimba tena."

Wangu! Mlango ukifunguka vizuri ni wake, ukikwama ni wangu. Mechi inaendelea nyuma yangu, nami nasimama kumfafanulia kwamba mbao hunywa unyevu wa hewa, ikatanuka kwa upana na wala si kwa urefu, ndiyo maana nilimsihi apake rangi hata ukingo wa juu na wa chini, akanijibu kwamba rangi isiyoonekana ni hasara. Nikafungua mikono kumwonyesha jinsi mbao inavyotanuka. Beki wangu wa kushoto, mtoto mtiifu kuliko wote, akadhani namwagiza aende pembeni kabisa, akaenda, na bao la pili likapita palepale alipokuwa amesimama.

"Umeona?" akasema yule bwana. "Hawajui kukaba."

Nakiri kwamba hapo nilimjibu kwa lugha ya kambini, na mwamuzi, kijana niliyemfundisha mwenyewe kupiga filimbi, akanionyesha kadi ya njano.

Sasa leo amekuja kuniomba niende na randa "mara moja tu", maneno ambayo hayajawahi kuchukua chini ya nusu siku, na njiani akanidokeza kwamba mwanawe anafaa unahodha. Jirani mwingine akatusimamisha akitaka nimsimulie mwanawe habari za vita. Nimekwisha kuwaambia mara ngapi kwamba jeshini nilikuwa ghalani nikihesabu mablanketi? Goti hili halikuumizwa na risasi wala bomu, ila na ngazi ya ghala, nalo hutabiri mvua vizuri kuliko redio.

Tulipofika, mlango ulikuwa umekwama kabisa, na bwana mwenye nyumba akaanza kupanda dirishani, palepale alipotokea alfajiri kuja kuniita. Ndani, juu ya meza, nikaiona sindano ya pampu ya mpira niliyoitafuta wiki mbili nzima, wakati vijana wakifanya mazoezi kwa mpira laini kama mto wa kulalia. Nikaishika na kumtazama.

"Ah, hiyo, afande," akasema, "nilikuwa nazibulia jiko."