Bodaboda atolewe barabara kuu, apite wapi?

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Simama kando ya lami nusu saa tu: bajaji imejazwa mikungu ya ndizi hadi dereva anachungulia kwa ubavuni, inajipenyeza kuvuka njia nne, huku semi likishuka kutoka Arusha linapiga honi mfululizo. Wanaotaka bajaji na bodaboda zizuiwe barabara kuu ya Arusha–Moshi siwezi kuwabeza. Mimi mwenyewe roho huniruka.

Mamlaka serikali inayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ndiyo inayombana dereva asizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda atakako, na ibara hiyohiyo inakubali sheria iuwekee mipaka. Kwa hiyo anayesema "barabara ni kodi yetu, hatuzuiwi" hana hoja. Kodi hiyo kailipa pia mama anayevuka na mtoto mgongoni.

Kinachonisumbua ni namna. Malori ya masafa yalipoubana mji wa Arusha, ilijengwa barabara ya mchepuo, kilomita 42.4, yakapata pa kupita. Bodaboda anaandaliwa nini? Anayemkimbiza mjamzito kutoka Usa River kwenda hospitali Tengeru apite wapi? Njia nyingi za vumbi pale ama zinapanda Mlima Meru ama zinateremkia mashambani. Ukifuata moja unajikuta kwenye migomba, lami umeiacha mbali. Kumzuia huyo bila kumchongea njia ni kumwambia akae nyumbani, na mjamzito wake.

Wapo wanaojibu kwamba tukisubiri njia za pembeni, watu watazidi kufa. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na sioni pa kuikwepa. Ila kati ya kuzuia kila kitu na kuacha kila kitu kuna kazi ya kufanya hata wiki hii. Siku za soko trafiki asimame Tengeru kuvusha watu na bajaji, badala ya kujibanza mbele akisubiri makosa. Bajaji za mizigo zipangiwe saa. Na marufuku yoyote ianze na kibao kinachosomeka kutoka mbali, kwa Kiswahili, kabla ya pikipiki ya kwanza kupandishwa kwenye karandinga.