Karo Langu Limehamia kwa Jirani

Nilirudi kutoka msibani Tabora nikakuta karo langu la choo limehamia kwa jirani.

Karo lenyewe lilikuwa palepale, huku kwetu Chanika, na mfuniko wake wa zege na bomba lake la hewa. Ila kati yake na nyumba, hatua mbili tu kutoka dirisha la jikoni, palikuwa na mstari wa minyaa iliyopandwa juzijuzi, imenyooka kama wanafunzi paredi. Nyumba upande huu, karo upande ule. Bomba la maji machafu linapita chini ya minyaa kama msafiri asiye na pasipoti.

"Ni Mzee," mke wangu alisema, anachambua mchicha bila kuinua kichwa. "Kapanda wiki iliyopita. Na alinisalimia vizuri tu."

Mzee ni Mzaramo wa hapahapa, ana mihogo na mikorosho yake tangu Chanika ni shamba tupu. Mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo sisi ni watani, utani wa tangu enzi za misafara, babu zetu wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani anaweza kukukejeli msibani kwako na ukacheka. Lakini mita tano za ardhi!

Usiku ule sikulala, nilikuwa napanga kesi. Kwanza serikali ya mtaa. Halafu baraza la kata, ambalo tangu 2021 halihukumu tena, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu ndipo unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30, na choo changu kiko ughaibuni? Saa kumi na moja alfajiri nikachukua panga.

Nimekulia kijijini. Nimechapwa utotoni kwa kuchezea minyaa, najua utomvu wake unafanya nini. Asubuhi ile sikukumbuka hata kimoja. Tawi la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, panga likateleza, utomvu mweupe kama maziwa ukaruka ndani ya jicho la kulia. Nikajifuta haraka, kwa mkono uleule ulioshika tawi, na jicho la kushoto nalo likapata mgawo wake.

Pilipili kichaa ni halua. Nilipiga yowe lililoamsha kuku wa Mzee, kisha mbwa, kisha Mzee mwenyewe.

"Nani huyo?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

Ndiyo, niliamkia. Nimelelewa.

"Marahaba, mtani. Unakata minyaa yangu?"

"Napalilia, mzee."

Hakuuliza zaidi. Alinishika kwapani, akanikalisha kwenye kigoda, akanilaza shingo nyuma na kuanza kunimwagia maji ya kisima, kata baada ya kata, mjukuu wake akichota.

"Fumbua!"

"Siwezi!"

"Fumbua, Mnyamwezi! Pembe za ndovu mmebeba toka bara, kope ndiyo zinakushinda?"

Yaliisha madumu matatu ya lita 20. Baadaye zahanati muuguzi aliniambia maji yale ndiyo yaliyoniokoa macho, na kwamba mtu mzima na akili zake hakati minyaa gizani. Nilimwambia namkubali kwa yote mawili.

Ungedhani baada ya hapo nilinyamaza. Wapi! Nimelowa mpaka suruali, macho yamevimba kama maandazi, nikatangaza mbele ya watu kwamba mimi nina mkataba. Mke wangu akauleta kwenye bahasha yake ya kaki. Kwa kuwa sioni, mjukuu wa darasa la nne akapewa asome.

"Kiwanja... hatua ishirini... kwa ishirini na tano..."

"Umesikia, mzee? Ishirini!"

"...hatua za muuzaji," mtoto akaendelea, "mbele ya mashahidi."

Nikamsikia mke wangu akiguna. Nalifahamu guno lile.

Ndipo nikamkumbuka muuzaji. Mtu mfupi, kanzu nyembamba, na siku ile alipima kiwanja kwa mwendo wa bibi harusi anayeingia ukumbini. Mimi nilisimama kando nahesabu kwa furaha, moja, mbili, tatu, macho kwenye mkorosho wa mpakani badala ya miguuni kwake. Fundi alipokuja na futi kamba kutafuta pa kuchimba karo, nikamwambia kwa kujiamini: hapa ni mita 20. Tulikuja kuzipima hatua zile. Zilitoa mita 14 na nusu.

"Hebu soma," Mzee akamwambia mjukuu, "shahidi wa tatu nani?"

"Wewe, babu. Na dole gumba lako hili hapa."

Nikatafuta pa kushika. "Sasa mzee, mbona nilipochimba hukusema?"

"Nilikuona. Nikamwambia bibi yako, huyu mtani ana roho nzuri, ananichimbia choo."

Jumapili alikuja mwenyekiti wa mtaa. Alijitahidi sana asicheke, akashindwa, akaomba maji ya kunywa, akaandika. Karo libaki mpaka lijae, kisha nichimbe kwangu. Kwangu penye nafasi ni mbele, karibu na mlango wa sebuleni; mke wangu hajalisemea hilo mpaka leo. Kodi ni kilo mbili za sukari kila mwisho wa mwezi. Minyaa niliyoikata niliipanda upya mwenyewe, nimevaa miwani ya jua, mjukuu akisimamia na fimbo ya kupimia mstari.

Sukari nalipa kwa wakati. Ila usiku, nikivuta maji chooni, nasikia kikohozi upande wa pili wa minyaa, halafu sauti:

"Mtani! Polepole huko, unanijazia shamba!"